Kabla ya rangi, panda juu ya paa

Mwaka wa pili baada ya kuitengeneza nyumba yetu ya urithi, Mji Mkongwe wa Unguja, lipu ya ukuta wa upande wa kichochoroni ilianguka usiku, bamba zima, kubwa kuliko mlango. Asubuhi niliokota kipande. Usoni rangi nyeupe ilikuwa ingali nzuri kabisa. Mgongoni, palipokuwa pameshikana na ukuta, palikuwa majimaji, na chumvi imetanda kama unga uliomwagika. Nikakigusa kichwa cha boriti kilichobaki wazi. Kidole kilizama.

Tulikuwa tumepiga saruji. Mkandarasi tuliyemwamini alituambia chokaa ni mambo ya kizamani, nasi tukafurahi, maana saruji hukauka upesi na nyumba huonekana mpya. Mzee mmoja fundi mwashi, niliyemwita baadaye nikiwa nimeshachanganyikiwa, aliutazama ukuta kwa muda mrefu, akasema, "Mwanangu, ukuta huu unatoka jasho, nawe umeuvisha koti la mvua."

Ndivyo ilivyo. Kuta za nyumba zetu za kale ni mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa na udongo. Mvua ikinyesha zinakunywa maji, na kutoka chini zinavuta unyevu wenye chumvi; jua likiwaka zinautoa nje. Chokaa huupisha unyevu huo, saruji huuziba. Maji yakishapenya kwa ufa mmoja mwembamba kama unywele hayana pa kutokea, basi huelekea kwenye mbao. Boriti ya mkoko ikiwa kavu hukaa vizazi na vizazi. Ikilowa kila masika ndani ya ukuta usiokauka, huoza kichwani, pale pale inapobeba uzito wa sakafu, na wewe uliye chumbani huoni kitu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: usianze na ukuta, wala milango ya kuchonga, hata kama ndiyo inayokuuma roho. Panda juu ya paa. Angalia mabati, angalia mifereji, ng'oa miche iliyojiotea kwenye nyufa kabla mizizi haijapasua mawe. Fedha zetu nyingi ziliishia kwenye rangi huku mfereji uliovunjika ukiumwagia ukuta ule ule maji kila mvua iliponyesha. Bado inaniuma, kwa sababu mfereji ulikuwa kazi ya siku moja.

Ukishamaliza paa, ndipo urudi kwenye chokaa, na uwe na subira nayo. Chokaa hupatikana kwa kuchoma mawe ya matumbawe juu ya tanuri la magogo, kisha huzimwa kwa maji na kuachwa ilale. Kadiri inavyolala ndivyo inavyolainika. Hupigwa tabaka jembamba baada ya jembamba, ukuta ukiwa umeloweshwa, na jua likiwa kali hufunikwa kwa magunia yenye maji. Fundi atakayekwambia atamaliza nyumba nzima wiki hii, mshukuru na umuage kwa heri. Na rangi ya plastiki usiipake juu yake, utakuwa umerudi kule kule kwenye koti la mvua.

Lakini nyumba ikiwa nzima halafu ikakaa tupu, kazi yote hiyo ni bure. Hili nililielewa nilipoanza kulitazama vizuri jengo nililokuwa nikilipita kila siku nikienda bandarini: Zahanati Kongwe ya barabara ya Mizingani, lile la roshani za mbao zilizochongwa na vioo vya rangi. Msingi wake uliwekwa 1887 kwa amri ya Tharia Topan, tajiri wa Kihindi aliyewahi kusimamia ushuru wa forodha wa Sultani. Alikusudia iwe hospitali. Alifariki 1891 kabla haijamalizika, na mjane wake akaiendeleza mpaka ikakamilika 1894. Mwaka 1900 likanunuliwa na kufanywa zahanati ya hisani: dawa chini, makazi juu. Ndipo jengo lilipopata maisha. Mlango ulifunguliwa kila siku, watu walipanda ngazi, na paa likivuja kulikuwa na mtu wa kulalamika.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 likaingia mikononi mwa serikali, na kadiri miaka ilivyokwenda likachakaa vibaya. Mwaka 1990 lilikodishwa kwa Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni, likatengenezwa upya katika miaka hiyo ya tisini na kuwa kituo cha utamaduni. Tazama lilivyogawika: chini shughuli za watu, juu ofisi. Karibu sawa na ilivyokuwa enzi za dawa. Ngome Kongwe nayo, iliyojengwa na Waomani mwishoni mwa karne ya 17, imewahi kuwa gereza, na leo ua wake unabeba ngoma na filamu. Hakuna aliyehitaji kubomoa ukuta ili watu wakae uani.

Hapa ndipo wenye nyumba wengi tunapokosea. Tunapata wazo la biashara kwanza, halafu tunailazimisha nyumba ilimeze. Upana wa vyumba vyetu uliamuliwa na urefu wa boriti, kiasi cha mita tatu hivi, ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba. Ukitaka ukumbi mpana utavunja ukuta, na ukuta ule ndio uliobeba ghorofa mbili juu yako. Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la 1883, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 likiwa kwenye matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Tangu siku ile sikubali mtu aguse jiwe moja la ukuta unaobeba kabla sakafu za juu hazijaegemezwa kwa nguzo na mtaalamu hajaja kutazama. Kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe utakihitaji pia. Kifuate mapema.

Na kabla ya kibali, warithi. Nyumba yetu ina warithi kumi na wanne. Kila mmoja alikuwa na haki na hakuna aliyekuwa na wajibu, kwa hiyo mfereji ulivunjika mbele ya macho yetu sote. Tulikaa kikao barazani siku nzima, shangazi yetu mkubwa akikiongoza, tukaandika kwenye karatasi: kodi ya chumba cha chini haigawanywi mpaka fedha ya paa ya mwaka itolewe kwanza. Kila mtu akatia saini. Karatasi ile imetusaidia kuliko fundi yeyote. Kama nyumba yenu ni wakfu, anzeni kwa kusoma masharti ya aliyeiweka, kwani huenda matumizi mnayoyapanga hayaruhusiwi.

Chumba hicho cha chini tulimkodisha mshonaji. Chumba chembamba kinamfaa: cherehani tatu zimepangwa mstari mmoja, mlango wazi tangu asubuhi, upepo unapita mpaka uani. Mwezi uliopita alinipigia simu. "Kaka, kuna doa la maji juu ya cherehani ya mwisho, kama sahani." Nilipanda juu siku ile ile. Bati moja lilikuwa limechomoka msumari.