Mama anayejua nani hakuja

Mmeuliza wiki hii: karama za kiroho zinalijenga vipi kanisa unaloabudu? Mimi ni wa KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, mtaa mmoja wa Old Moshi, Kilimanjaro, na jibu langu ni mama mmoja wa jumuiya yetu, kikundi cha majirani wanaosali pamoja nyumba kwa nyumba.

Haimbi kwaya. Akiombwa kufunga kwa sala, anasema maneno machache na amina. Lakini Jumamosi asubuhi, sisi tukiwa bado tunatafuta wimbo kitabuni, yeye ameshatuhesabu kwa macho na kujua nani hakuja. Ibada ikiisha hangoji chai. Anashika kijia cha kihambani, katikati ya migomba, kwenda kumwona huyo aliyekosekana.

Mwaka juzi, masika, baba yangu alipata kiharusi. Tulikuwa wawili tu nyumbani. Jumuiya nikaiacha, kwa uchovu na pia kwa aibu, maana ahadi yangu ya kanisa, sadaka niliyoahidi kutoa, nilikuwa sijaimaliza. Wiki ya tatu mama yule akaingia na mtori, supu nzito ya ndizi, kwenye hotipoti. Hakuniuliza kwa nini sionekani. Alisema, "Mwanangu, kalale kidogo," kisha akamketisha baba wima na kumlisha polepole kwa kijiko cha chai. Nililala saa nne mfululizo, jambo ambalo sikuwa nimelipata tangu baba aanguke.

Kesho yake vijana wa kwaya walileta majani ya ng'ombe. Mzee wa kanisa alikuja, na Jumapili mchungaji akamletea baba Chakula cha Bwana kitandani. Wote hao walikuwa na karama zao siku zote, ila hawakuwa na habari. Yeye ndiye aliyewapa habari.

Paulo, katika 1 Wakorintho 12:28, anayataja "masaidiano" katika mstari uleule wenye miujiza na karama za kuponya wagonjwa. Nimesoma mstari huo tangu kipaimara nikilipita neno hilo. Hata kwenye semina zetu za karama tunaulizana nani ana unabii, nani anaponya; sijasikia mtu akiulizwa kama anaweza kukesha na mgonjwa.

Na jambo hili limewahi kutuumiza. Miaka ya nyuma alikuja mhubiri mgeni akafundisha kwamba asiyenena kwa lugha, yaani asiyeomba kwa lugha isiyojulikana anayopewa na Roho, hana Roho. Familia kadhaa zikahama. Waliobaki, wengine walinyamaza kabisa, wakiamini Mungu amewaruka. Sipingi kunena kwa lugha: shangazi yangu ananena, na maombi yake yamenishika mkono mara nyingi. Lakini Paulo mwenyewe anauliza katika mstari wa 30, "Wote wanena kwa lugha?" na jibu liko wazi. Juu kidogo, mstari wa 7, ameshasema kila mmoja hupewa "kwa kufaidiana". Hao walionyamaza ndio ninaowalilia hadi leo, kwa sababu miongoni mwao walikuwamo watu wa kukesha na wagonjwa.

Baba sasa anatembea kwa mkongojo. Jumamosi iliyopita jumuiya ilikuwa kwetu. Mama yule alipofika, kabla hajaketi, akaanza kuzungusha macho kama kawaida yake. Baba akamwahi: "Leo yule mzee wa kule bondeni hayupo."