Ile Kanda Uliyoikuta Sandukuni

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara mbili. Umesema ulipokuwa ukipanga vitu vyangu ulikuta kanda, na ndani yake nakala ya picha ya vijana wanne majini, vichwa tu ndivyo vinavyoonekana. Ukatafuta habari zao, ukaona bendi ilivunjika hata albamu haijatoka. Ukaniuliza: "Baba, watu walioshindwa mapema hivyo, umewatunza miaka yote hii kwa lipi?"

Hawakushindwa, mwanangu. Hao ni Slint, vijana wa Louisville, Kentucky, mji aliozaliwa Muhammad Ali. Walianza mwaka 1986, na jina walilitoa kwa samaki aliyefugwa na mpiga dramu wao, Britt Walford. Albamu ya kwanza, Tweez, ilitoka 1989; hiyo sina la kuisemea. Iliyo kwenye kanda ni ya pili, Spiderland. Waliifanyia mazoezi nyumbani kwa wazazi wa Walford, kipande hichohicho tena na tena, mpaka kila mmoja akajua mwenzake atanyamaza wapi. Agosti 1990 wakaenda kurekodi Chicago. Kwa siku chache tu, nyimbo sita zikawa tayari.

Mimi nilitoka Tanga na masikio ya taarabu na dansi, muziki unaokukaribisha ndani ukae. Huu haukukaribishi. Gitaa la David Pajo na la Brian McMahan yanakwenda taratibu, chini chini, kama watu wanaonong'ona msibani. McMahan haimbi sana, anasimulia. Mara magitaa yanalipuka, kisha kimya, na kimya chenyewe kinakushtua kuliko kelele. Mwenzangu wa chumba kule Chicago alinirekodia mwaka 1993. Usiku wa kwanza nilitaka kumrudishia.

Muda mfupi baada ya kurekodi, McMahan alijitoa. Albamu ilipotoka Machi 1991 hapakuwa tena na bendi ya kuipiga jukwaani. Steve Albini, aliyewarekodia ile ya kwanza, aliandika kuihusu katika gazeti la muziki la Uingereza, Melody Maker, akaipa nyota kumi, lakini waliosikia walikuwa wachache. Ilisambaa kama kwangu, mtu na mwenzake, hadi vijana wa mbali kama bendi ya Mogwai ya Scotland wakajifunza humo. Wenyewe walikuja kupanda jukwaani tena mwaka 2005. Ile picha walipigwa na rafiki yao, Will Oldham, katika machimbo ya mawe yaliyojaa maji. Itazame vizuri: wanatabasamu. Hawajui lolote linalokuja.

Lakini wewe umeuliza kwa nini nimeitunza, na hilo sijapata kulisema hata kwa mama yako.

Wimbo wa mwisho unamhusu nahodha ambaye chombo chake kimevunjika. Anagonga mlango, ndani kuna mtoto, anaomba afunguliwe. Mwishoni sauti iliyokuwa ikinong'ona inageuka ukelele, inamlilia mtu iliyemkosa, inarudia na kurudia mpaka inakauka. Babu yako alikuwa nahodha wa jahazi, Tanga na Pemba, hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba alipofariki nilikuwa kule, theluji imefika madirishani, na nauli ya kuja kumzika sikuipata. Simu ilikuwa ya dakika tatu. Sikulia kwenye simu, wala siku zilizofuata. Nililia kwa wimbo ule, wiki nyingi baadaye, mlango nimeufunga, na mwenzangu wa chumba akakaa nje kwenye ngazi hadi nilipomfungulia.

Basi usiitupe. Redio kaseti iko juu ya kabati la mama yako. Utepe umelegea, uukaze kwanza kwa kalamu, pole pole, ndipo uiweke upande wa pili.

Baba yako