Papi Anaharisha, Nawe Umeshika Flagyl

Wiki hii maswali mengi yanaanza na neno moja: anaharisha. Nimechagua ya wenye mbwa wa mbegu ndogo, hawa Maltese, Chihuahua na Japanese Spitz waliojaa Dar siku hizi, kwa sababu hao ndio wanaokufa haraka wakati mwenyewe bado anakusanya ushauri kwenye kundi la WhatsApp.

Shikamoo daktari. Jumamosi nilinunua Maltese wa wiki sita. Tangu Jumatatu anaharisha majimaji ya njano. Nampa robo kidonge cha Flagyl asubuhi na jioni, sioni nafuu. Nimwongezee? (Tabata)

Marahaba. Usimwongezee, acha kabisa.

Mtoto wa Maltese wa umri huo kwa kawaida hafiki hata kilo moja. Robo ya kidonge cha miligramu 200 ni miligramu 50, mara kadhaa ya kiasi ambacho daktari angempa kiumbe wa uzito huo. Ukiendelea utamwona anayumba na macho yanachezacheza, kisha utaniandikia tena kwamba ana kifafa. Flagyl huua baadhi ya bakteria na vijidudu kama Giardia. Haiui virusi, haiui minyoo, na haimsaidii aliyebadilishiwa chakula ghafla.

Huyo wako amebadilishiwa kila kitu kwa siku moja: mama, nyumba, maji na chakula. Kwa sasa mpe kidari cha kuku kilichochemshwa bila ngozi, chumvi wala kitunguu, pamoja na wali mlaini sana, kidogo kidogo kila baada ya saa 3 au 4. Hiki ni chakula cha siku 2 au 3 tu, hakina madini ya kumjengea mifupa. Choo kikishika, mrudishie alichokuwa akila kwa muuzaji, halafu ndipo uanze kuchanganya chako: robo, nusu, robo tatu, mpaka baada ya siku 7 hadi 10 ale kipya kitupu. Lakini kwa umri wake na siku alizokwisha kuharisha, mpeleke kliniki leo, na kinyesi chake kwenye kikopo.

Sasa niseme usiloniuliza. Wiki sita! Mtoto wa mbwa hatakiwi kuachana na mama yake kabla ya wiki 8, na hawa wadogo ni bora hata wakae zaidi. Wauzaji wanajua. Wanawahisha kwa sababu kila wiki anayokaa kwao anakula chakula chao, na akiwa mdogo kama ngumi anauzika haraka. Halafu unaambiwa "ameshachanjwa". Kadi iko wapi? Kadi ya kweli ina tarehe, lebo iliyobanduliwa kwenye kichupa cha chanjo, na muhuri wa daktari. Isipokuwepo, hesabu kwamba hajachanjwa.

Maziwa ya ng'ombe yanafaa? (Wasomaji wengi, kila wiki)

Hapana. Wala ya kopo ya mtoto wenu, wala yaliyochanganywa na maji. Akishaachishwa ziwa, uwezo wake wa kusaga sukari ya maziwa hupungua, na isiyosagwa huvuta maji tumboni. Nimelijibu hili mpaka nimechoka.

Nilisoma kwamba mbwa akiharisha anafungishwa chakula saa 24 ili tumbo lipumzike. Wangu ni Chihuahua wa miezi miwili na nusu. Nimemfungisha tangu jana usiku, sasa amelegea na anatetemeka. (Mbezi Beach)

Natumaini ulimpigia daktari kabla ya kuniandikia. Huko si kulegea kwa ajili ya ugonjwa peke yake. Sukari imeshuka.

Ushauri wa kufungisha ulikuwa wa mbwa wakubwa wenye akiba mwilini. Mtoto wa Chihuahua hana akiba: ini lake ni dogo, misuli haipo, mafuta hayapo. Saa chache bila chakula zinatosha kumfanya apepesuke kama mlevi, kisha aanguke degedege. Ukiona dalili hizo, chukua asali au glukosi iliyokorogwa na maji kidogo, mpake kwenye fizi kwa kidole. Usimmiminie mdomoni, itaingia mapafuni. Mfunike apate joto, uende kliniki hata akiinuka na kuanza kucheza, kwa maana sukari hiyo haidumu.

Na maji nayo yana hesabu yake. Mbwa wa kilo moja akipoteza mililita 100 kwa kuhara na kutapika, chini ya nusu glasi, amepoteza sehemu ya kumi ya uzito wake. Hiyo ni hali ya dripu. Kwa hiyo ninaposema "leo" simaanishi baada ya kazi.

Akiwa mzima wa afya, mpaka afike miezi 4 ale mara 4 kwa siku, na mara ya mwisho iwe karibu na wewe kulala.

Mifupa ya kuku? (Kigamboni)

Iliyopikwa inavunjika vipande vyenye ncha na kutoboa utumbo. Tupa, na funika pipa.

Daktari, mnatutisha bure. Mbwa wa kienyeji wanakula makombo na ugali miaka yote na hawaumwi. Hizi si mbwembwe za kizungu? (Morogoro)

Unawaona waliobaki. Waliokufa wakiwa wadogo hukuwahesabu, maana hakuna aliyewazika kwa matanga.

Tena makombo ya leo si ya zamani. Makombo ya nyumba ya mjini ni pilau, mchuzi na rosti, na vyote hivyo vimeanzia kwenye kitunguu na kitunguu saumu. Kitunguu, kiwe kibichi au kimeiva, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Dalili hazitokei pale pale. Siku kadhaa baadaye fizi zinapauka, mkojo unakuwa wa rangi ya chai, na mwenye mbwa haunganishi tena na ile sahani ya Jumapili. Mbwa wa kilo 20 aliyelamba mchuzi huenda asidhurike. Wa kilo moja na nusu ni habari nyingine. Zabibu kavu za kwenye pilau ni sumu pia, kwa figo, na chokoleti msiseme hamkusikia.

Ugali wenyewe hauna ubaya mkubwa, unga ndio wenye maneno. Kuna tabia ya kununua mahindi yaliyovunda au unga ulioota ukungu na kusema "huu wa mbwa". Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 yaliua watu huku kwetu, Dodoma na Manyara. Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaoathirika sana na sumu hiyo, na kupika hakuiondoi. Unga usioweza kumpikia mwanao, usimpikie mbwa.

Chakula kikavu cha kupima kwa kilo dukani, ni sawa? (Sinza)

Gunia limefunguliwa lini? Limekaa wazi kwenye joto la Dar kwa muda gani? Lilikuwa la mbwa wakubwa au watoto? Muuzaji hawezi kukujibu hata moja. Nunua mfuko mdogo uliofungwa, ulioandikwa wa watoto, wenye tarehe. Kama huwezi gharama hiyo, kliniki ikupangie chakula cha nyumbani, maana nyama na wali peke yake vina kalisi, yaani madini ya mifupa, kidogo mno na utamkuta na matege. Dagaa ni wazuri kwa hilo, ila waoshe mchanga, na wasiwe wa chumvi.

Tumbo limevimba, mgongo mifupa mitupu, na watoto wanalala naye. (Buguruni)

Minyoo, karibu hakika. Mama humwambukiza hata kabla hajazaliwa. Dawa huanza wiki ya 2, kila wiki 2 mpaka ya 8, kisha kila mwezi mpaka miezi 6, na hupimwa kwa uzito. Watoto wasilale naye kwa sasa na wanawe mikono: mayai ya minyoo hiyo yakimwingia mtoto yanaweza kumharibu jicho.

Wangu alitapika, akaharisha damu yenye harufu kali, akafa siku ya tatu. Nataka mwingine mwezi ujao. (Ukonga)

Pole sana. Inaelekea ilikuwa parvo, ugonjwa wa virusi wa utumbo, na virusi vyake bado vimo nyumbani kwako. Sabuni ya kawaida haiviui. Osha sakafu kwanza, kisha pitisha Jik, sehemu 1 kwa 20 za maji, iache dakika 10. Vyombo, kamba na kitanda chake vichome. Uani penye udongo na kivuli virusi hudumu hata mwaka, na Jik haifui dafu hapo. Nakushauri umchukue aliyemaliza chanjo zote za utotoni, ya mwisho ikiwa si kabla ya wiki ya 16. Ukimchukua mdogo zaidi, asikanyage huo udongo mpaka amalize, na viatu vya wageni vibaki mlangoni.