Kuhusu Idi na hizo dola za besiboli

Dada, shemeji, na ninyi nyote mliomo kwenye grupu la familia,

Tangu isambae ile video ya kijana wa Uganda anayerusha mpira kwa kasi ya ajabu, simu yangu haipumui. Mjomba, Idi naye anarusha, mvute huko Marekani. Mjomba, kwani wewe si uko uwanjani hukohuko? Mjomba, dola milioni! Shemeji, nasikia umeshauliza bei ya kiwanja Kigamboni. Leo Jumatatu timu haichezi, nguo zote zimekauka na zimekunjwa, basi ngoja niwajibu.

Habari yenyewe ni ya kweli, siipingi. David Matoma, Mganda, kasainiwa na Pittsburgh Pirates, klabu ya Ligi Kuu ya besiboli ya Marekani. Mwaka 2022 Waganda wengine wawili, Ben Serunkuma na Umar Male, walisaini na Los Angeles Dodgers. Kinachonikera ni kwamba mnaiona saini, mnaziona dola, na katikati yake hamwoni kitu. Mimi hapo katikati ndipo ninapofulia.

Maana kazi yangu mnaijua, ingawa kwa majirani mnasema nipo "kwenye uongozi wa timu". Nafua jezi za timu ya Triple-A, ngazi moja chini ya Ligi Kuu. Mechi ikiisha saa nne usiku, nabaki na masuruali meupe yenye udongo mwekundu magotini, nayasugua kwa brashi kabla hayajaingia mashineni, kisha nachokonoa tope kwenye njumu za watu wazima. Saa nane ya usiku ndiyo natoka. Nimewazoea warushaji kwa soksi zao kuliko kwa sura.

Sasa hesabu. Ile namba mliyoitoa kwenye simu, dola 760,000, ni kima cha chini cha mshahara wa Ligi Kuu kwa mwaka 2025. Ni kweli kabisa. Lakini inalipwa kwa siku ulizokaa huko juu, na msimu una siku kama 186. Ukikaa siku tatu, unalipwa tatu, kama dola 4,000 kila moja, halafu serikali inakata chake na wakala anakata chake. Huku chini mambo ni mengine. Kwa mkataba wa wachezaji ulioanza 2023, kima cha chini cha kijana wa Single-A, ngazi ya chini zaidi, kilianzia dola 26,200 kwa mwaka, cha wa Triple-A 35,800. Na hapo tunashukuru! Mwaka 2019 kima cha chini cha Single-A kilikuwa dola 290 kwa wiki, tena kwa miezi ya mechi tu.

Kuna mrushaji mmoja hapa, Mvenezuela, mtu mzima mwenye watoto. Usiku mmoja kocha akamwita ofisini, akatoka anatetemeka mikono: kapandishwa, ndege alfajiri. Begi nilimfungia mimi, glavu mbili, njumu, na kile kitaulo chake cha kijani asichokubali kifuliwe na vya wengine. Alirusha kwenye mechi moja, akarudi kabla sijabandua karatasi yenye jina lake kwenye kabati. Siku tatu. Lakini kwao habari ilikuwa imeshafika, na iliyofika ni ile 760,000. Alinionyesha simu yake akicheka, cheko la mtu aliyechoka: binamu anataka pikipiki, kanisa linataka paa, jirani ana mgonjwa wa figo, mwalimu wake wa darasa la pili kampigia. Alituma karibu zote. Mwezi uliofuata akaniomba mimi, mfua nguo, nimkopeshe nauli ya mkewe. Nikamkopesha. Mtu mliyemwona kwenye televisheni.

Dada, usiku ule niliwawaza sana ninyi. Sisemi msiniombe. Mama alipolazwa Bombo nilituma hela kwa sababu mwenyewe nisingeweza kuja, na hilo linanikaa kooni mpaka leo, kwa hiyo ombeni. Ila mkiomba, ulizeni kwanza kama nimekula. Nimetuma bati, nimetuma ada, nimetuma ya arusi ambayo baadaye nikaambiwa imeahirishwa na hela "imezunguka". Sasa mnataka Idi naye awe bomba la pili. Ana miaka kumi na saba!

Mnataka mfano wa aliyefika? Mchukueni Tayler Scott, mzaliwa wa Johannesburg, Mwafrika Kusini wa kwanza kurusha kwenye Ligi Kuu. Chicago Cubs walimchagua 2011. Ligi Kuu aliikanyaga Juni 2019. Miaka minane hiyo, na ndani yake kuna kipindi aliachwa akaenda kurusha Sioux City, kwenye ligi isiyo na uhusiano na klabu yoyote kubwa. Alipopanda alikuwa na Seattle Mariners, na mwaka uleule akahamia Baltimore Orioles. Halafu Japani, Hiroshima. Halafu San Diego. Mwaka 2023 peke yake alivaa jezi tatu za Ligi Kuu: Dodgers, Boston Red Sox, Oakland Athletics. Mwaka 2024 ndipo Houston Astros wakampa kazi ya kueleweka, akacheza mechi 62, umri miaka 32. Huyo ndiye aliyefanikiwa, jamani. Mkewe sijui alikuwa akifungasha vyombo mara ngapi.

Namna wanavyohamishwa ndiyo inayonichosha kuitazama. Timu ikitaka nafasi yako kwenye orodha ya watu 40, inakuweka kwenye kile wanachokiita DFA, na ina siku saba za kukuuza, kukuacha uokotwe na timu nyingine, kukushusha au kukufungulia mlango. Siku hizo saba hujui kama kodi ya nyumba uilipe au mkataba uuvunje. Warushaji wa aina hii tunao kila msimu. Wanafika na begi moja, wananiuliza mgahawa wa bei nafuu uko wapi, na kabla sijajua majina ya watoto wao wameondoka. Wengine wanahesabu siku zao za Ligi Kuu kama wafungwa, kwa sababu ukifikisha 43 unapata haki ya pensheni. Yupo aliyekwama kwenye thelathini na kitu. Huyo usimtanie siku hiyo wala kesho yake.

Na hayo ni ya mwenye karatasi. Mgeni anakuja kwa viza ya P-1, na viza hiyo imefungwa kwenye timu. Timu ikikuacha, ni upate mwajiri mwingine upesi au uondoke. Ukibaki kufua nguo kama mimi, umeshakuwa mtu asiye na ruhusa ya kuwapo, na mimi ruhusa yangu niliitafuta kwa njia nyingine na kwa miaka. Msimdanganye mtoto kwamba "akishaingia atajua mwenyewe".

Halafu cheti cha kuzaliwa. Dada, nakuomba kwa jina la mama, asitokee mjanja yeyote akampunguzia Idi miaka. Najua mawakala wanavyosema, kwamba maskauti, wale watafuta vipaji wa klabu, wanawataka wa miaka 16. Mwaka 2011 watoto wa Uganda walishinda nafasi ya kwenda mashindano ya dunia ya Little League, besiboli ya watoto, kule Williamsport, wakanyimwa viza kwa sababu vyeti vyao vilikuwa na utata. Walishinda uwanjani, wakashindwa ubalozini. Mwaka uliofuata timu ya Lugazi ikaenda, lakini wale wa 2011 utoto hawakurudishiwa. Umri wake ni umri wake.

Kwa hiyo, asije. Amalize shule.

Ila kama kweli anafikisha maili 95 kwa saa, yaani kilomita 153, niambieni leoleo, maana hao hawaokotwi barabarani. Na mpime kwa mashine. Habari za "tumeiona inapita kama risasi" wekeni kando. Mchezo huo Dar umekuja kwa juhudi za Wajapani, nao wana ligi yao kubwa, inalipa vizuri, na kama mlivyoona kwa Scott, hata wa Ligi Kuu huenda huko. Anzeni kwao kabla hamjaanza kwangu.

Kiwiko kilindeni. Nasikia anarusha kila siku asubuhi na jioni ili watu warekodi. Acheni hiyo! Hapa kila timu ina watu wenye kovu refu kwa ndani ya kiwiko, upasuaji wa Tommy John, wanahamisha kano kutoka sehemu nyingine ya mwili na kuishona pale iliyokatika. Ulifanywa mara ya kwanza 1974 na leo ni jambo la kawaida, lakini unakaa nje mwaka na zaidi, na klabu ndiyo inayolipa. Idi akikatika kiwiko kule nyumbani, nani atalipa? Mimi tena. Arushe, apumzike siku kadhaa, arushe tena. Na afanye mazoezi ya miguu, nguvu zinatoka huko.

Shemeji, kiwanja kiache kwanza. Kama una hela ya kutangulizia kiwanja, mnunulie mtoto glavu inayomtosha, ile aliyoshika kwenye picha ni ya mkono usio wake.

Ada ya muhula nimeituma Ijumaa, namba ya muamala anayo dada. Na nitumieni video nyingine, ipigwe kwa ubavuni ili kiwiko kionekane, mirusho kumi mfululizo bila kukata na bila muziki. Kuna kocha wa warushaji hapa ananidai fadhila, nitamwonyesha. Sijasema aje.