Likizo ya Desemba: Kazi Inayowasubiri Mnaoingia Kidato cha Sita

Wadogo zangu mnaoingia kidato cha sita Julai hii, habari ya Mei, mwezi wa mtihani wa taifa, mtaambiwa na kila mtu. Mkuu wa shule ataisema paredi, walimu wa masomo watahesabu ubaoni wiki zilizobaki, na wazazi wataiulizia kila wakipiga simu. Mimi nawaandikia habari ya Desemba, mwezi wa kuweka karatasi zenu sawa.

Nilimaliza mwaka 2018, tahasusi ya HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), shule ya bweni iliyokuwa mikoa miwili kutoka kwetu. Matokeo yalipotoka Julai nilikuwa na daraja la kwanza, pointi nane. Chuo nilipata, na kozi niliyoitaka nilipata. Mkopo sikupata. Baba alikuwa ametunza sandukuni karatasi ya hospitali niliyozaliwa, na miaka yote pale nyumbani tuliiita cheti cha kuzaliwa. Haikuwa cheti. Lilikuwa tangazo la kizazi. Tulikuja kulitambua hilo dirisha la mikopo likiwa limeshafunguliwa, mimi niko kambini Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Baba alihangaika peke yake hadi cheti kikatoka, na kilipotoka kilimwandika yeye Khamis, wakati vyeti vyangu vyote vya shule vinasema Hamisi. Maombi yakaenda yakiwa na upungufu, na majina ya awamu zote yakatoka bila la kwangu.

Mama alikopa kwenye kikoba chake ili nianze mwaka wa kwanza. Wenzangu wa chumbani walikuwa wakipata shilingi 8,500 kwa siku ya chakula na malazi. Mimi nilikuwa na siku za wali na siku za chai tupu, na siku bumu, yaani hela hizo za mkopo, linapoingia nilikuwa nakwenda maktaba nisiwepo wanaporudi na mifuko ya vyakula. Mwaka wa pili niliomba tena, karatasi zikiwa zimenyooka, nikapata. Alama zangu za kidato cha sita zilikuwa zilezile.

Sasa ni mwalimu, na kwa miaka kadhaa nimekuwa mwalimu wa darasa la kidato cha sita. Ninayoyaona kila mwaka ni yaleyale yaliyonipata: mtoto anafaulu, halafu anakwama kwenye karatasi.

Tazameni mwaka wenu ulivyopangwa. Mnaanza Julai, mtihani wa taifa ni Mei. Wengi mmepangiwa shule za mbali, mtoto wa Lindi yuko Kagera, wa Kigoma yuko Tanga, kwa hiyo nyumbani mnakwenda kwa msimu. Mtihani ukiisha, JKT wanatangaza majina na kambi, na baada ya siku chache unakata tiketi ya Mafinga, Makutupora au Bulombora kwa takriban miezi mitatu. Ukiwa huko, kati ya mchakamchaka na kwata, matokeo yanatoka. Udahili wa vyuo unafunguliwa, na mikopo nayo ina tarehe zake za kufungwa. Simu huna mkononi muda wote unaotaka, na afande hawezi kukuruhusu kila siku uende mjini kutafuta wakili. Ukiuangalia mwaka wote hivyo, utaona kwamba mara ya mwisho wewe, mzazi wako na sanduku la vyeti mko chini ya paa moja kwa wiki kadhaa, bila mtihani mlangoni, ni likizo ya Desemba.

Siku ya kwanza ya likizo, baada ya kusalimia na kula, omba sanduku lifunguliwe. Kwanza angalia kama ulichonacho ni cheti au ni tangazo. Kama ni tangazo, anza safari ya RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, wilayani wiki hiyohiyo. Usajili wa aliyechelewa unadai vielelezo kama kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, cheti cha shule ya msingi au kitambulisho cha mzazi, na kila kimoja kinaweza kuwa kwa shangazi wa mkoa mwingine. Ukishakuwa na cheti, kiweke kando ya cheti chako cha kidato cha nne usome herufi kwa herufi. Hamisi na Khamis. Zuhra na Zuhura. Majina matatu huku, mawili kule. Tarehe ya kuzaliwa nayo isome, maana wapo walioandikishwa darasa la kwanza kwa mwaka wa kukisia. Ukikuta tofauti, mzazi aonane na wakili au aende mahakamani mapema, aulize kiapo gani kinahitajika kwa tofauti ya aina yako. Desemba jambo hili ni mizunguko ya siku mbili tatu. Julai, linaweza kukugharimu mwaka mzima.

Bodi ya Mikopo haipokei cheti cha kuzaliwa hivihivi. Lazima kihakikiwe kwanza na RITA, na wa Zanzibar ni kwa ZCSRA, wakala wa usajili wa huko. Yatima ahakikishe vyeti vya vifo navyo vimehakikiwa. Hapa niseme jambo ambalo wanafunzi wangu wanaona aibu kulisema. Kama baba amefariki na familia haikuwahi kuchukua cheti cha kifo, mwambie mama kwa upole, Desemba, mkae mlizungumze. Nimeona msichana aliyeshindwa kuthibitisha uyatima wake kwa sababu nyumbani hakuna aliyetaka kugusa jambo hilo. Na kama umesomeshwa na mfadhili, parokia, msikiti au shirika, omba barua ya uthibitisho wangali wanakukumbuka.

Fomu ya mkopo ina mdhamini pia, na mdhamini anahitaji kitambulisho au namba ya NIDA, yaani ya utambulisho wa taifa. Wazazi wengi wa vijijini wana namba iliyoandikwa kwenye kipande cha karatasi kilichokwishapotea. Itafuteni. Fomu hiyo inapita pia kwa serikali ya mtaa au kijiji na kwa wakili au hakimu, kwa hiyo nenda kamsalimie mtendaji wenu, akujue kwa sura. Si kumwomba upendeleo. Ni ili Julai baba yako akifika na fomu yako, asiulizwe "huyu mtoto ni wa nani?"

Mahafali nayo nina la kusema. Huwa kabla ya mtihani, Machi au Aprili hivi, na nayapenda kwa dhati. Siku mama anapoingia uwanjani na kitenge kipya baada ya kulala njiani kwenye basi, hakuna mwalimu asiyeguswa. Ila michango, suti, keki na mpiga picha visiimeze siku nzima. Mzazi aliyevuka mikoa mitatu yuko mbele yako kwa mara ya mwisho kabla ya kambi. Baada ya picha, mkae chini ya mti dakika ishirini. Mkabidhi nakala za vyeti vyako kwenye bahasha, mwandikie namba yako ya mtihani wa kidato cha nne, maana hiyo ndiyo utakayotumia kwenye udahili na kwenye mkopo, na lazima iwe ileile kote kuwili. Kama ulirudia mtihani na una namba mbili, mwonyeshe ipi ya kutumia. Kubalianeni ni simu ya nani itakayopokea ujumbe ukiwa kambini.

Hilo la simu limeponza wengi. Mwanafunzi anatoka kambini kwa ruhusa ya saa chache au anamtuma mdogo wake, wanakwenda steshenari, mwenye duka anawafungulia akaunti kwa barua pepe yake, nywila yake, na namba yake ya simu. Hana nia mbaya, ana foleni ya watu arobaini. Mwezi mmoja baadaye ujumbe wa chuo unaingia kwenye simu yake na yeye haukumbuki uso wako. Fungua barua pepe yako mwenyewe Desemba hiyohiyo, andika nywila kwenye daftari linalobaki nyumbani, na namba ya simu iwe ya mtu wa nyumbani ambaye laini yake haizimwi.

Juu ya kuchagua kozi, nawaomba msome kitabu cha mwongozo wa udahili ambacho Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) wanakitoa kila mwaka. Hata cha mwaka uliopita kinatosha kwa kujifunza. Kinaonyesha kila kozi ya kila chuo, masomo inayodai, pointi za chini na idadi ya nafasi. Watu wengi wanachanganya pointi. Zile za daraja, A ni moja, na kadiri zinavyopungua ndivyo ulivyofanya vizuri. Za udahili zimegeuzwa: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kiwango cha jumla cha kuingia shahada ni ufaulu wa A hadi E (principal pass) katika masomo mawili, wenye jumla ya pointi 4, yaani D mbili, au C na E. Lakini hicho ni kizingiti cha mlango tu. Kozi nyingi zinadai zaidi, na zenye foleni ndefu zinachukua wa juu kwanza.

Wa CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia), nawasihi kwa namna ya pekee. Kila mwaka nina vijana wa CBG wanaoniambia watasoma udaktari wa binadamu, na hawajasoma fizikia. Hakuna aliyewaambia tangu kidato cha tano. Fungueni kitabu mwone kilimo, misitu, wanyamapori, mazingira, na mengine yaliyoko Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) pale Morogoro na kwingineko, muipende njia yenu mapema badala ya kuifikia kwa kukataliwa. Na ambaye alama hazitatosha, stashahada ipo. Ukimaliza na GPA (wastani wa alama) ya 3.0 unaweza kuomba shahada, na nina wenzangu wazuri sana kazini waliopita njia hiyo.

Usiombe vyuo vyote kwa kozi moja yenye ushindani. Weka ile unayoiota, weka unayoiweza, weka na ile ambayo ukiipata peke yake utakwenda bila kinyongo.

Halafu kuna kuthibitisha. Ukichaguliwa na chuo zaidi ya kimoja, unatakiwa kuthibitisha kimoja ndani ya siku zilizotangazwa, kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu. Usipofanya hivyo nafasi inaweza kupotea, na dirisha la pili huwa limebakiza kozi chache.

Mmoja wa wanafunzi wangu analelewa na bibi yake, na namba aliyoijaza ilikuwa ya bibi, simu ndogo ya batani. Tulikuwa tumekubaliana siku ya mahafali, chini ya mwembe wa shule, sisi watatu. Nilimwambia bibi: ukiona ujumbe wenye tarakimu nyingi usioujua, usiufute, nitafute. Asubuhi moja ya Agosti nikiwa darasani niliitwa nje. Bibi alikuwa amepanda bodaboda kutoka kijijini, simu ameifunga kwenye pindo la kitenge. Akaifungua taratibu akanipa. "Mwalimu, namba zimeingia jana magharibi. Sikulala, niliogopa chaji itaisha." Daftari la nywila alikuwa nalo kwapani. Tulikwenda ofisini, tukaingia kwenye akaunti ya mjukuu wake, tukathibitisha. Akaniomba nimsomee jina la chuo mara mbili, na jina la kozi mara tatu, ili akifika nyumbani alitaje sawasawa.