Maswali yenu: amplifaya ya transista yenye sauti laini, kwa hela ya kawaida

Swali: Naipenda ile sauti ya joto ya amplifaya za valvu (zile za taa za kioo), besi imeshiba, sauti ya mwimbaji laini, ila hela ya valvu sina. Kuna ya transista inayofika huko?

Ipo, tena bila miujiza. Mwaka 1985 mhandisi mmoja wa Marekani, Bob Carver, aliwaambia watu wa jarida la Stereophile wachague amplifaya yoyote ya bei kali wanayoipenda, yeye ataichezea ya kwake ya transista, ya bei ya chini, mpaka zisikike sawa. Wakampa ya valvu. Akapima, akarekebisha, akapima tena, na mwisho wa siku wenyewe wakashindwa kuzitofautisha kwa masikio.

Sasa hapo ndo kwenye jambo lenyewe, manake kumbe kile tunachokipenda kwenye valvu kinapimika. Kwanza ukinzani wake wa ndani ni mkubwa kuliko wa transista, kwa hiyo haiidhibiti spika sawasawa, besi inanenepa na kulegea kidogo. Pili inaongezea kila noti kivuli chake oktavu moja juu, kidogo tu, na sikio linakipokea kama utamu.

Kwa bajeti ndogo ushauri wangu ni mmoja: chukua amplifaya ya transista isiyo na kelele, yenye vitufe vya besi na trebo (sauti za juu), alafu hela inayobaki weka kwenye spika. Punguza trebo kidogo sana, ongeza besi kidogo, sikiliza siku kadhaa ndo uamue. Najua kuna mashabiki wanaodharau vitufe hivi eti vinachafua mziki, mi sikubaliani kabisa. Vingi vinafuata saketi aliyoitoa mhandisi Peter Baxandall mwaka 1952, ukiviweka katikati sauti inapita ilivyo, na ukivizungusha vinafanya kazi unayoitaka bila kukudai chochote zaidi.

Swali: Nasikia klasi A ndo tamu kuliko zote, nijikaze ninunue hiyo?

Tamu kweli. Ni amplifaya ambayo transista zake zinapitisha umeme muda wote. Mwaka 1969 mhandisi John Linsley Hood alichapisha kwenye jarida la Wireless World saketi yake ya klasi A ya wati 10 tu, na mpaka leo watu wanaiunda wenyewe majumbani. Shida ni kwamba klasi A inakula umeme mwingi hata kama hakuna mziki, inachemka, na inahitaji transfoma na hitsinki (mabati ya kupooza joto) kubwa, na hivyo vitu ndo vinapandisha bei. Klasi AB, ile ambayo transista zake zinapokezana kazi sauti ikipanda, ikitengenezwa vizuri inafanya kazi ki-klasi A kwenye sauti ndogo, na nyumbani mara nyingi tunasikiliza hapohapo. Usijikaze.

Swali: Wati 30 zinatosha au nitafute 60?

Kutoka 30 kwenda 60 unapata desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu, tofauti unaisikia ila sio kubwa. Ili sauti isikike kubwa mara mbili unahitaji nguvu kama mara 10! Angalia spika zako kwanza: inayotoa desibeli 90 kwa wati moja na inayotoa desibeli 84 zinaachana desibeli 6, yaani hiyo ya pili inataka nguvu mara 4. Amplifaya ya NAD 3020 ya mwaka 1978 iliandikwa wati 20 kila upande na ikapendwa dunia nzima.

Swali: Nimepata ya mtumba ya miaka ya 70, nzuri sana kwa macho, niangalie nini kabla sijalipa?

Usiunganishe spika zako kwanza, tafadhali. Chukua maltimita (kipimo cha umeme), weka kwenye milivolti za DC, sauti zungusha mpaka sifuri, iache iwake dakika kadhaa alafu pima kwenye matundu ya spika, kushoto na kulia. Chini ya milivolti 50 uko salama, ikizidi hapo fundi aiangalie, na ukikuta volti nzima iache hapohapo manake hiyo inaunguza spika. Kitufe cha sauti kikikwaruza usiogope, mara nyingi ni vumbi na uchafu, kinasafishwa kwa dawa ya kontakti. Mvumo unaosikika hata sauti ikiwa sifuri ni kitu kingine, hapo shuku kapasita (vihifadhi umeme) kubwa za pawa, hizi hukauka kwa umri na lazima zibadilishwe. Hela ya fundi ihesabu kama sehemu ya bei toka mwanzo. Na kama sauti ni tamu kwa sababu kapasita zimechoka na trebo imekufa, huo sio utamu, ni ugonjwa.

Swali: Na hivi viboksi vidogo vya klasi D?

Hivi transista zake zinawaka na kuzima kwa kasi sana. Vimekuwa vizuri sana, vyenye chipu kama TPA3255 vina nguvu ya kutosha na vinakula umeme kidogo. Ila kwenye vya bei ya chini trebo inapanda au kushuka kulingana na omu (ukinzani) za spika yako, kwa sababu ya ile filta ya mwisho, inayosafisha sauti kabla haijafika kwenye spika. Tafuta kile ambacho fidibeki yake (sauti inayorudishwa ili amplifaya ijirekebishe) inachukuliwa baada ya filta, na chenye vitufe vya besi na trebo.

Swali: Niliyonayo inachoma masikio, nibadilishe?

Subiri kwanza. Geuza spika zisikuelekee usoni moja kwa moja, zisogeze karibu kidogo na ukuta ili besi iongezeke, tandika zulia, weka pazia nzito. Ukisikiliza usiku kwa sauti ndogo sikio lenyewe linapoteza besi, bonyeza kitufe cha Loudness kama kipo. Vikishindikana vyote hivyo ndo azima amplifaya nyingine ulinganishe, na hakikisha zote mbili ziko sauti sawa kwa kupima volti kwenye spika huku ukicheza toni moja ya hezi 1000, kwa sababu inayozidi hata desibeli moja tu sikio mara nyingi litaichagua hiyo.