Niliomba Nioneshwe Kanuni

Ukiambiwa "ndivyo utaratibu ulivyo", omba uuone huo utaratibu. Omba kwa adabu, na uombe kwa maandishi. Hili nilijifunza kwa kuchelewa, kwenye kazi ya mauzo niliyofanya miezi kumi na moja Dar es Salaam, na kwenye riwaya moja ya vita niliyoazimwa na jirani.

Riwaya yenyewe ni Catch-22 ya Joseph Heller, iliyotoka Marekani mwaka 1961. Inachekesha mpaka mbavu ziume, lakini Heller alikuwa anazungumza jambo alilolipitia: katika Vita vya Pili vya Dunia aliruka mara 60 kama mlenga mabomu, kutokea kisiwa cha Corsica. Mhusika wake mkuu, Yossarian, anafanya kazi hiyohiyo kutokea kisiwa cha Pianosa, na anachotaka ni kurudi kwao akiwa hai. Kila akikaribia idadi ya safari inayomruhusu kurudi, Kanali Cathcart anaipandisha: 45, 50, 55, mpaka 80. Mwenye wazimu haruhusiwi kuruka, lakini sharti aombe mwenyewe kupumzishwa. Na akishaomba, daktari anasema huyu ana akili timamu, kwani anaogopa kufa. Basi arudi angani. Kanuni hiyo ndiyo inayoitwa Catch-22.

Niliposoma zile namba niliweka kitabu chini. Sisi tuliahidiwa kwamba ukileta wateja wapya 40 kwa mwezi, unathibitishwa kazini. Nilifikisha 40 mwezi wa nne. Msimamizi akanipa mkono wa pongezi, kisha akasema kiwango sasa ni 50. Nilipofika 50 kikawa 60. Tulikesha na simu tukibembeleza mashemeji wajisajili, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza nani amepandisha, lini, na imeandikwa wapi.

Karibu na mwisho wa riwaya Yossarian anafika Roma na kukuta askari wamewafukuza wasichana wote kwenye nyumba moja, amebaki bibi kizee peke yake. Bibi anasema askari walitaja Catch-22. Waliionesha? Hawalazimiki kuionesha. Nani kasema? Catch-22 yenyewe. Yossarian anatoka pale ana hakika kwamba kanuni hiyo haipo popote, na kwamba inatawala kwa sababu watu wameamini ipo. Ukurasa huo ndio ulionipa ujasiri.

Nchini kwetu, kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi anapoanza kazi. Niliandika barua ya nusu ukurasa, bila lawama, nikiuliza 60 imetoka kwenye waraka gani. Nikabaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Nakala hiyo usiiache. Bila muhuri ni neno lako dhidi ya lao. Kosa langu ni kwamba niliandika peke yangu. Tungesaini watano, mambo yangekuwa mengine.

Wiki tatu kimya. Kisha nikaitwa, nikakaribishwa soda, nikaambiwa nitakuwa kiongozi wa timu, na posho ya usafiri juu. Sharti lilikuwa moja: niwaambie wageni kazini kwamba kiwango kimekuwa 60 tangu mwanzo.

Hapa ndipo pa kujihadhari kuliko kwenye vitisho. Makanali nao wanamwambia Yossarian atarudi kwao kwa heshima, alimradi awapende na kuwasema vizuri. Anakubali kwanza, baadaye anashtuka, kwa sababu wenzake watabaki wakiruka. Mimi niliomba siku mbili za kufikiri, na usiku wa kwanza niliipigia hesabu ile posho mpaka alfajiri: kodi, ada ya mdogo wangu, deni la dukani. Kilichonizuia ni kuwafikiria wale wageni wenyewe, vijana wa miaka ishirini na miwili, wakiniamini.

Nilikataa. Mkataba wangu haukuongezwa. Yossarian anatoroka akielekea Sweden. Wewe una kodi ya kulipa, kwa hiyo uwe na akiba ya miezi miwili mitatu kabla ya kuandika barua kama yangu. Mimi sikuwa nayo, na nilirudi kukaa kwa dada.

Siku ya mwisho, kijana wa meza ya nyuma alinifuata ngazini akaomba aione ile nakala ilivyoandikwa. Tulienda wote kwa mtu wa fotokopi, tukatoa sita.